Makala siyo gunia la kumwagia maneno! Wahariri wa wiki yetu, tuheshimiane

Wakuu, salaam. Nimejizuia kufungua uzi huu kwa wiki mbili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Kuna makala ya nyuki kwenye wiki yetu, yaani tovuti ya makala tunayoiandika na kuihariri pamoja. Nilipoikuta ilikuwa na maneno karibu elfu tatu yaliyobanana katika aya sita, bila kichwa kidogo hata kimoja. Ilifunguliwa hivi: “Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akivithamini viumbe mbalimbali vinavyomzunguka.” Someni tena sentensi hiyo. Inaweza kufungulia makala ya ng’ombe, ya samaki, hata ya mti. Nyuki mwenyewe alitajwa kwenye sentensi ya tano, na hata hapo msomaji haambiwi ni kitu gani.

Nikakesha nayo. Nikaandika sentensi ya kwanza inayosema nyuki ni mdudu mwenye mabawa manne anayejilisha kwa mbochi (maji matamu ya maua) na chavua. Nikafuatisha aya fupi ya utangulizi yenye mambo makubwa yote, kwa sababu wasomaji wengi huishia hapo hapo. Kisha nikagawa sehemu: umbile, aina, maisha ya kundi, mawasiliano, uchavushaji, ufugaji. Kila dai zito nikalipa rejeo lake pale pale linaposimama. Asubuhi nafungua nakuta yote yamefutwa, makala imerudishwa ilivyokuwa, na muhtasari wa uhariri unasema: “urembo tu, taarifa ndiyo muhimu.”

Urembo! Neno hilo limeniuma kuliko kufutiwa kazi, na nitalijibu.

Lile rundo la zamani lilisema “nyuki huishi kwenye mzinga, wana malkia mmoja anayetaga mayai hadi 2,000 kwa siku.” Ndani ya aya ya maneno mia tano sentensi hiyo inapita bila mtu kushtuka. Nilipotaka kuiweka chini ya kichwa ndipo nilipokwama. Niiweke wapi? Kwenye “Aina”? Kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki duniani, na walio wengi huishi peke yao, kila jike na kiota chake, ardhini au ndani ya matundu ya miti. Hawana mzinga wala malkia. Sentensi ile inawahusu nyuki wa asali, ambao ni kikundi kidogo mno ndani ya hao wote. Makala nzima ilikuwa inawaongelea nyuki wa asali huku ikijiita makala ya nyuki, na hakuna aliyeona kwa sababu hakukuwa na sehemu yoyote ya kulinganisha na nyingine. Kosa hilo la taarifa nimelikamata kwa kupanga vichwa tu. Sasa aliyenifutia anieleze urembo uko wapi hapo. Amerudisha kosa, na linasomwa mpaka dakika hii.

Tena kwenye rundo hilo hilo kulikuwa na habari tamu kuliko zote: nyuki mtafutaji akirudi mzingani hucheza, na mchezo wake huwaonyesha wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Mwanasayansi Karl von Frisch ndiye aliyefumbua maana ya mchezo huo, na mwaka 1973 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Mnajua ilikuwa wapi? Katikati ya aya ya tano, baada ya maelezo ya kuyeyusha nta. Mwanafunzi anayeitafuta kwa simu atasogeza skrini mpaka kidole kichoke, kisha ataondoka akiamini hatuna habari hiyo. Aliyeiandika mwanzo alifanya kazi nzuri, na sisi tumemzikia kazi yake.

Akaja mwingine, nadhani kwa nia njema, akataka kutupatanisha. Akachukua maneno ya kila kichwa changu akayawekea herufi nzito tu, bila alama za kichwa. Ndugu yangu, kwa macho vinafanana, kwa programu havifanani kabisa. Wiki yetu inaendeshwa na programu iitwayo MediaWiki. Ukiandika == Mawasiliano == programu inajua hiki ni kichwa: makala ikifikisha vichwa vinne inajitengenezea orodha ya yaliyomo yenyewe, kila sehemu inapata kitufe chake cha kuhariri, na mtu anaweza kuweka kiungo kinachomfikisha msomaji kwenye sehemu hiyo moja kwa moja. Herufi nzito hazifanyi lolote kati ya hayo. Na asiyeona, anayesomewa ukurasa na kifaa chake, huruka kutoka kichwa hadi kichwa ili apate anachotaka. Usipoweka vichwa umemlazimisha kusikiliza maneno elfu tatu yote. Ndiyo maana pia siyo sawa kutoka kichwa chenye alama mbili za = ukarukia chenye nne kwa sababu tu umependa ukubwa wa maandishi. Ngazi zina maana.

Mengine nayataja haraka, maana nikikaa kwenye kila moja tutakesha. Acheni kuanza aya kwa nafasi tupu kama barua. MediaWiki ikiona nafasi mwanzoni mwa mstari inayafungia maandishi ndani ya kisanduku, na kwenye simu mstari unatoka nje ya skrini. Aya mpya inahitaji mstari mtupu katikati. Kubonyeza mara moja hakutoshi. Acheni kulazimisha picha ziwe na upana wa nukta (pikseli) 900. Viungo wekeni neno linapotokea mara ya kwanza, siyo kila mahali mpaka ukurasa ugeuke bluu. Na maneno “hivi karibuni”, “mwaka huu”, “siku hizi” yafutwe popote yalipo. Makala itasomwa miaka kumi ijayo, na huyo msomaji atajuaje ulikuwa mwaka gani? Andika mwaka wenyewe.

Lakini hili moja sitalipitia haraka. Kuna watu wanabadilisha jina la makala kwa kunakili maandishi yote, kuyabandika kwenye ukurasa mpya, na kuufuta ule wa zamani. Mnajua mnachokifanya? Historia ya uhariri inabaki nyuma. Kila aliyeandika sentensi pale anapotea, na wewe unaonekana umeandika makala nzima kwa siku moja. Leseni yetu ya CC BY-SA, inayoruhusu watu kuyatumia maandishi yetu bure, inataka waandishi watajwe, na historia ndiyo inayowataja. Kitufe cha “Hamisha” kipo juu ya ukurasa. Kinahamisha makala pamoja na historia yake na kuacha elekezo kwenye jina la zamani, linalompeleka msomaji kwenye jina jipya, ili viungo visife. Kazi ya sekunde kumi! Nimehesabu makala nne zilizohamishwa kwa kunakili mwezi huu, na moja ilikuwa ya mzee mmoja aliyeijenga kwa miaka mitatu. Alipoandika kulalamika kwenye ukurasa wa majadiliano hakuna aliyemjibu. Hajarudi tena.

Wakabidhi, yaani wasimamizi wa wiki, nanyi nawalaumu. Ukurasa wa mwongozo wa muundo upo tangu wiki ilipofunguliwa, na una mistari sita. Mgeni anayekuja na moyo wa kuchangia anasoma nini? Anaiga makala anazozikuta, na anazozikuta ndizo hizo. Siwalaumu wageni hata kidogo. Mimi mwenyewe makala zangu za mwanzo zilikuwa rundo, mpaka mhariri mmoja aliponiandikia kwa upole na kunionyesha sehemu moja baada ya nyingine. Angenifutia tu na kuandika “urembo”, nisingekuwa hapa leo.

Ninachoomba ni hivi. Wakabidhi waniruhusu niandike rasimu ya mwongozo mpya, nitaiweka kwenye ukurasa wangu wa majaribio kabla ya Jumapili, na kila mwenye hoja aichanechane huko. Na makala ya nyuki nairudisha leo usiku na vichwa vyake. Atakayeona sehemu imekaa vibaya aje kwenye majadiliano ya makala aseme ni ipi na kwa nini, nami nitahariri naye bega kwa bega. Ila asinifutie tena kimya kimya.