Invoisi zetu zarudi na zengine zaenda spamu tangu tuhamie domeini mpya, nisaidieni

agenti_shimanzi
Salaam aleikum jamani. Tuko na ofisi ya kliaringi hapa Shimanzi, wiki mbili nyuma tumeacha adresi za Gmail tukachukua domeini yetu wenyewe ya .co.ke. Barua za kawaida natuma kupitia hosti (kampuni inayotuwekea barua), invoisi zatoka kwenye programu ya hesabu ambayo hutumia huduma nyengine ya kutuma. Sasa kwa wateja wa Gmail invoisi zarudi na kosa 550 5.7.26 (yaani barua haikujithibitisha), hizo za kawaida zaingia spamu. Jana mteja wa Kampala kanipigia kwa hasira, kontena lake liko bandarini siku za bure zimeisha storeji yahesabiwa kila siku na yeye invoisi hajaiona, nami niliituma Jumatatu asubuhi. Imeniuma sana, ni mteja wa miaka huyu. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu) nimeweka, DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) nimeweka, DMARC (agizo la kufanywa nini barua isipojithibitisha) nimeweka p=reject kama video ilivosema. Nimekosea wapi?

kizingo_seva
Waaleikum salaam ami. Kabla ya yote toa hiyo p=reject leo hii uweke p=none. Reject maana ake wewe mwenyewe waiambia Gmail barua yoyote ya jina langu isiyojithibitisha irudishe, nayo yakutii. Rekodi iwe v=DMARC1; p=none; halafu rua=mailto: na adresi yako ya kupokea ripoti.

SPF uko nazo ngapi? Watu wakiwa na hosti na huduma ya pili huongeza rekodi ya pili, na sheria ni domeini moja v=spf1 moja tu, zikiwa mbili yatoka permerror, yaani kosa la rekodi, ni kama huna kabisa. Ziunganishe kwa include ya hosti na include ya hiyo huduma kwenye mstari mmoja, mwisho ~all. Na usijaze include ovyo, kikomo ni kuulizia DNS (daftari la majina la intaneti) mara 10.

Kisha jitumie invoisi kwa Gmail yako, bonyeza vidoti vitatu, Show original, utwambie Authentication-Results yasema nini.

agenti_shimanzi
Kweli SPF zilikuwa mbili, nimeziunganisha, barua za kawaida sasa spf=pass. Lakini invoisi naona spf=pass, dkim yasema hakuna ufunguo, dmarc=fail. Kama spf yapita mbona dmarc yafeli?

bi_kibokoni
Kaka tazama hiyo spf imepita kwa jina la nani. Hapo kwenye smtp.mailfrom utaona domeini ya huduma, si yako. SPF huangalia adresi ya kurudishia barua, ile ya juu ya bahasha ambayo mteja haioni. DMARC yataka jina lililopita lilingane na lile la From ambalo mteja analiona. Ni kama dereva afike geti ya bandari na getipasi halali lakini ya lori jengine, pasi haina kasoro ila lori halitoki.

Kwa hivo invoisi zako zategemea DKIM, ndio sahihi yenye jina lako. Na hapo nashuku kitu ambacho mwaka jana kilinikesha mpaka saa nane usiku. Paneli nyengine huongeza domeini zenyewe mwishoni, sasa wewe ukipesti s1._domainkey (jina la rekodi ya ufunguo wa DKIM) pamoja na domeini nzima jina laandikwa mara mbili, yaani yaishia .co.ke halafu domeini tena. Kwa macho rekodi waiona ipo, Gmail ikiulizia haipati kitu. Bakisha s1._domainkey peke yake. Pia kama ufunguo ni wa biti 2048 hakikisha haukukatwa, kipande kimoja cha TXT (rekodi ya maandishi ya DNS) hakizidi herufi 255 kwa hivo hugawanywa.

agenti_shimanzi
Wallahi ndio hivo hivo, jina lilikuwa mara mbili! Nimefuta, nikangoja kama saa moja, sasa dkim=pass dmarc=pass na invoisi imeingia inboksi. Mteja wa Kampala nimemtumia tena kajibu imefika. Shukran sana dada, shukran ami. Sasa nirudishe reject?

kizingo_seva
Usiharakishe. Zisome ripoti za rua wiki tatu nne hivi, ndizo zitakuonyesha kila seva inayotuma kwa jina lako, mara utakuta fomu ya websaiti au ile mashine ya kuskani nayo yatuma na hukuikumbuka. Zikishapita zote nenda quarantine (zisizojithibitisha ziende spamu), kisha reject.

mtwapa_net
Naongeza kidogo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, anayetuma barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vyote vitatu, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Wewe huko hujafika lakini domeini yako bado changa, usiwarushie wateja wote tangazo siku moja. Matangazo yafungulie subdomeini yake, yakichafuka invoisi zisipate tabu sana.