Skrini inaganda baada ya apdeti lakini sauti inaendelea kama kawaida

Mnukuzi

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia nifute kila kitu niweke upya.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano: nasikiliza sauti, naandika. Natumia laptopu yenye RAM ya GB 8, mfumo ni Linux, GNOME juu ya Wayland (programu zinazochora madirisha kwenye skrini). Jumatatu iliyopita nilikubali apdeti iliyokuwa ikinigongea mlango wiki nzima. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikapanda kutoka 6.8 hadi 6.11, pamoja na vifurushi vingine ambavyo sikuvisoma majina. Nikawasha upya, nikaona mambo shwari. Haikupita saa moja skrini ikaganda.

Nikisema kuganda maana yangu ni hii: kila kilichoko kwenye skrini kinabaki kama picha ya ukutani. Kishale cha mausi hakisogei, saa ya juu inasimama. Ila sauti ya mahojiano haikatiki hata kidogo! Mara ya kwanza sikugundua. Mzee ninayemnukuu ana tabia ya kunyamaza katikati ya sentensi, anakohoa, anawaza, nusu dakika nzima inapita, nami namngoja mikono ikiwa mapajani. Aliporudi kuongea nikaandika mistari miwili huku nimeinamia kibodi. Kuinua macho, hakuna hata herufi. Skrini inasema 10:42, saa yangu ya mkononi inasema saa nne na dakika 49.

Nimeanza kuhesabu kwenye daftari: mara 11 kwa siku nne. Kila mara nashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, na mara mbili nimepoteza niliyokuwa nimeyaandika. Nimezima viendelezi vyote viwili vya GNOME nilivyokuwa navyo, ikaganda tena. Nimefungua akaunti mpya ya mtumiaji isiyo na mpangilio wowote wangu, ikaganda tena. Nimesoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, kwa `journalctl -b -1 -p err` nikitarajia kukuta jambo la kutisha, kumbe mwishoni ni kimya kitupu. Kimya hicho ndicho kinachonichanganya zaidi.

Jambo moja sijui kama lina maana: nikitazama video haijawahi kuganda. Ni kwenye kunukuu tu.

HarakaHaraka

RAM hiyo. GB 8 siku hizi ni za kufungulia kivinjari tu. Ongeza, au rudisha mfumo wa zamani maisha yaendelee.

Mnukuzi

Nilijua litakuja. `free -h` inaonyesha GB 3.1 zimetumika wakati nafanya kazi, swopu, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, haijaguswa. Kivinjari hata sikifungui ninaponukuu, kinanishawishi kuacha kazi.

TerminaliKongwe

Dada Mnukuzi, hilo la video lina maana kuliko yote uliyoandika, tutalirudia. Kwanza tumalize la RAM, kwa sababu mwenzetu hakukosea kuwaza hivyo, ila dalili hazilingani. RAM ikiisha, mashine haigandi ghafla. Inachechemea: taa ya diski inawaka bila kuzima, mausi anasogea kwa kurukaruka, na sauti inakatikakatika kwa kuwa programu ya kuicheza nayo inagombea nafasi. Kerneli yenyewe ikikwama ni tofauti tena: taa ya Caps Lock haibadiliki ukiibonyeza, na mara nyingi sauti hurudia kipande kimoja kifupi kama santuri yenye mkwaruzo. Kwako mzee anaendelea kukohoa kwa raha zake. Diski inasomwa, prosesa inafanya kazi, kadi ya sauti inalishwa. Mashine yako ni nzima. Kilichokufa ni kitu kati ya mashine na macho yako.

Sasa acha kushikilia kitufe cha kuwashia. Sikulaumu, sote tumekifanya, lakini unajiharibia ushahidi. Huduma inayoandika logi, kwa mpangilio wake wa kawaida, husukuma maandishi kwenye diski kila baada ya dakika 5. Ni ujumbe wa hatari kubwa tu unaoandikwa papo hapo. Ukikata umeme, dakika za mwisho, ambazo ndizo unazozitafuta, zinaweza kuondoka nao. Kwa hiyo kimya ulichokiona bado si ushahidi wa lolote.

Ikiganda tena fanya hivi kwa utaratibu, usiruke. Bonyeza Caps Lock utazame taa. Kisha andika neno moja kwenye faili lako kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha Ctrl+Alt+F3, ukipata skrini nyeusi yenye maandishi ya kuingia, usiingie, rudi kwa Ctrl+Alt+F2 (kwa wengine ni F1) utazame kama lile neno lipo. Njoo utuambie.

Na endapo hakuna kinachoitika kabisa, shikilia Alt na SysRq (kitufe cha kuiamuru kerneli moja kwa moja), ambayo kwenye laptopu nyingi imejificha kwenye PrtSc na pengine inahitaji Fn, kisha bonyeza S, U, B kwa mfuatano huku ukiacha sekunde chache katikati. S inaandika diskini yale yanayosubiri kumbukumbuni, U inaifanya diski iwe ya kusomwa tu, B inawasha upya. Kabla ya hapo angalia `cat /proc/sys/kernel/sysrq`. Ukikuta 1, vyote vimeruhusiwa. Ukikuta 176 pia uko salama, maana ni 16 + 32 + 128, yaani hizo tatu hasa.

KadiNyekundu

Mimi ningeanza na kerneli ya zamani tu. Kwenye menyu ya GRUB, ile programu inayoita mfumo wakati wa kuwasha, kuna sehemu ya chaguo za ziada, humo utaikuta 6.8 bado imekaa. Washa nayo siku moja. Ikitulia, umeshampata mchawi.

TerminaliKongwe

Ni jaribio zuri, alifanye. Ila liwe jaribio, lisiwe makazi. Kerneli iliyoachwa nyuma haipati viraka vya usalama, na ipo siku amri ya kusafisha vifurushi itaiondoa bila kumwuliza.

Mnukuzi

Nimerudi, na nina mambo.

Jana nilikaa na 6.8 siku nzima. Saa sita za kunukuu, haikuganda hata mara moja. Leo asubuhi nimerudi 6.11, na dakika ya 22 tu ya faili la pili mzee akanyamaza, nikanyamaza, skrini ikaganda. Caps Lock: taa inawaka na kuzima vizuri. Nikaandika neno "mchongoma", kwa sababu ndilo lililokuwa la mwisho kutamkwa. Ctrl+Alt+F3, nikapata skrini ya maandishi. Ctrl+Alt+F2, nikarudi.

Neno lipo! Nimekaa nalitazama kama mtu aliyeona mzuka. Na saa ya juu ikawa sahihi. Maana yake siku zote zile mistari yangu ilikuwa inaandikwa, mimi ndiye niliyekuwa naizima kwa kitufe.

Nikaingia kwenye logi bila kuzima chochote. Hakuna kosa lolote la muda ule. Sasa kimya ni kimya cha kweli.

TerminaliKongwe

Hapo umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Sasa turudi kwenye video.

Skrini nyingi za laptopu zina kumbukumbu yao ndogo. Picha ikitulia bila kubadilika, draiva ya grafiki, programu inayoongoza kadi ya picha, inaiambia skrini: shikilia hiyo picha, uendelee kuionyesha mwenyewe, mimi napumzika. Umeme unaokolewa. Kitu kikibadilika, draiva inaamka, inaleta picha mpya. Mpango huu kwenye vigezo vya kerneli, yaani maagizo inayopewa wakati wa kuwasha, unafupishwa PSR (Panel Self Refresh). Ukiwa mzima hujui hata kama upo. Ukikosewa kidogo katika kuamka, skrini inabaki imekumbatia picha ya zamani huku kompyuta nyuma yake inaendelea na maisha, na hakuna wa kuandika kosa kwenye logi, kwa kuwa kwa upande wa kompyuta hakuna kilichoharibika.

Video hubadilisha picha mara 24 au 30 kwa sekunde, kwa hiyo skrini haipati nafasi ya kulala. Wewe ukimngoja mzee, picha inatulia tuli. Hata kile kijistari cha maandishi kinachopepesa, kwenye programu nyingi za GNOME huacha kupepesa sekunde 10 baada ya kugusa kibodi mara ya mwisho. Saa ya juu nayo, kama hujawasha sekunde, hubadilika mara moja tu kwa dakika. Mzee wako wa kunyamaza ndiye aliyekuwa anailaza skrini. Ulipobadilisha kwa Ctrl+Alt+F3, mfumo ulilazimika kuipanga skrini upya, ikaamka.

Hii ni dhana, ina dalili nyingi upande wake, lakini bado ni dhana. Tuijaribu bila kubadilisha kitu cha kudumu. Andika `lspci -k`, tafuta kifaa cha VGA au cha onyesho, utazame mstari unaotaja draiva ya kerneli inayotumika. Ikiwa ni `i915` (ya Intel), kigezo chako ni `i915.enable_psr=0`. Ikiwa ni `amdgpu` (ya AMD), ni `amdgpu.dcdebugmask=0x10`. Ikiwa ni nyingine, simama hapo uniambie, usibahatishe.

Washa upya. Kwenye menyu ya GRUB simama juu ya 6.11, bonyeza `e`. Utaona maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda mwisho wake kabisa, acha nafasi, ongeza kigezo, kisha Ctrl+X. Mabadiliko hayo ni ya kuwasha mara hii moja. Ukikosea, zima uwashe, yamefutika. Ukishaingia, `cat /proc/cmdline` ikuonyeshe kigezo kimo. Watu wengi hujaribu siku nzima kitu ambacho hakikuingia.

HarakaHaraka

Si aunganishe tu monita ya nje?

TerminaliKongwe

Kama njia ya kupima, swali lako ni zuri kuliko lile la RAM. Monita ya nje kwa waya wa HDMI haipiti kwenye mpango huu. Skrini ya ndani ikiganda huku ya nje inaendelea, dhana imepata nguvu. Dada, unayo?

Mnukuzi

Ninayo moja ya kuazima. Nimeunganisha kabla ya kuweka kigezo, nikaweka faili la maandishi kwenye ya nje na dirisha la faili kwenye ya ndani. Nikacheza sauti nikakunja mikono. Dakika ya 9: ya ndani imeganda, ya nje inaandika vizuri kabisa, ila mausi akivuka kuja ndani anapotea kama aliyezama kisimani. Nilicheka peke yangu.

Nimeondoa monita, nimeweka kigezo kwa njia ya `e`. Mara ya kwanza nilikiweka mstari mwingine badala ya ule wa `linux` (kwenye skrini ndogo mistari inajikunja, usiku, macho yamechoka), na ni `cat /proc/cmdline` ndiyo iliyonisuta. Mara ya pili kimeingia. Naanza kunukuu. Nitarudi kesho jioni, sitaki kusherehekea mapema.

KadiNyekundu

Kusherehekea mapema ndiyo starehe pekee ya kazi hii.

Mnukuzi

Jioni imefika. Saa saba za kunukuu juu ya 6.11, hakuna kuganda. Kwenye sehemu moja nilisimamisha sauti makusudi, nikaondoka chumbani dakika 15 na skrini inawaka, niliporudi mausi akasogea kwa mguso wa kwanza.

Nataka kikae moja kwa moja. Nimefungua `/etc/default/grub`, nimeona mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` wenye `quiet splash` ndani ya alama za kunukuu. Naongeza humo humo?

TerminaliKongwe

Humo humo, kabla ya alama ya kufunga, ukitenganisha kwa nafasi. Hifadhi, kisha `sudo update-grub`. Kama mfumo wako hauna amri hiyo, unatumia `grub2-mkconfig`, lakini kwa `quiet splash` hiyo nadhani unayo. Nakili faili kwanza kabla ya kuligusa.

Kuna gharama: betri itaisha mapema kidogo, kwa kuwa skrini hailali tena. Ukifanya kazi umechomeka chaja hutaiona tofauti. Na kerneli mpya zikija, jaribu kukiondoa kwa njia ile ile ya `e`, maana hitilafu za aina hii hurekebishwa, na watu hubaki na vigezo vya miaka bila kukumbuka viliwekwa kwa nini. Andika maoni ya mstari mmoja yenye alama ya `#` juu yake, pamoja na tarehe.

Halafu ripoti kwa wanaotunza kerneli ya mfumo wako. Weka matoleo mawili, lililo zima na lenye ugonjwa, jina la draiva, lile jaribio la monita mbili, na kwamba kigezo kimetibu. Usiwaandikie "inaganda", waandikie "mchongoma".

Mnukuzi

Nimefanya yote, `update-grub` imekubali. Maoni nimeandika: `# PSR imezimwa, skrini ililala mzee akinyamaza`, na tarehe. Ripoti nimeituma, na mchongoma nimeuweka.

Nimebaki na dakika 47 za faili la tatu. Ameanza kukohoa.