Mashine ya mapipa mawili au ya mlango wa mbele: ipi haichakazi nguo?

Mama Watatu
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeweka akiba ya shilingi 650,000 kwa ajili ya mashine ya kufulia, na Jumamosi hii ninakusudia kwenda Kariakoo kuinunua. Nimebaki na machaguo mawili. La kwanza ni mashine mpya ya mapipa mawili, ile ambayo unaijaza maji mwenyewe, kisha unahamisha nguo kutoka pipa la kufulia kwenda pipa la kukamulia. La pili ni mashine ya mlango wa mbele iliyokwisha kutumika, ambayo muuzaji anasema imetoka Uingereza. Bei zao hazipishani sana. Sitafuti inayofua haraka, bali ile itakayofanya nguo zidumu, kwa maana nimechoka kununua nguo ambazo baada ya miezi mitatu hazitofautiani na tambara la kupigia deki.

Fundi Bomba
Dada, swali lako halijibiki kama lilivyo. Hujasema maji unayapata wapi, kama ni ya bomba, ya kisima au ya boza. Hujasema tangi lako limewekwa juu kiasi gani. Na hujazitaja nguo zenyewe. Mashine ya mlango wa mbele hujivutia maji yenyewe mara kadhaa katika kazi moja, na msukumo ukiwa mdogo husimama njiani, nguo zikiwa zimeloana ndani na mlango ukiwa umejifunga. Tangi likiwa juu kwa mita 10 hukupa msukumo wa bar 1 hivi (bar ni kipimo cha msukumo), na mashine nyingi huhitaji angalau nusu yake. Pima kwanza, ndipo uzungumze na muuzaji.

Mpenda Pamba
Mimi ningechukua ya mlango wa mbele bila kusita. Ndani yake nguo huinuliwa na kuangushwa katika maji machache, ilhali ile ya mapipa mawili ina kisahani cha chini kinachozisokota nguo mpaka mikono ya shati inafungana kama kamba ya jahazi. Ukizitoa unaanza kuzivuta, na hapo ndipo mishono inapoachia.

Kaka wa Mbagala
Mpenda Pamba anasahau muda. Programu ya pamba katika mashine za mlango wa mbele huweza kupita saa mbili, na muda wote huo nguo inasuguana na nguo. Katika mapipa mawili ninaweka dakika 3 kwa blauzi na dakika 10 kwa suruali za kazi, na umeme ukikatika maji hayafungiwi ndani. Isitoshe, mashine iliyotumika ni bahati nasibu. Ukifika dukani, zungusha pipa lake kwa mkono likiwa tupu. Likikoroma, beringi zimekwisha. Kisha funua mpira wa mlango uone kama una ukungu mweusi, kwa kuwa ukungu huo huhamia kwenye nguo nyeupe na hautoki kirahisi.

Mama Watatu
Ahsanteni, na mnisamehe kwa kuruka mambo. Ninakaa Tabata, nyumba ya chini, maji ni ya mgawo na siku yasipotoka tunatumia ya kisima, ambayo yana chumvi kidogo. Tangi liko juu ya mnara wa matofali. Nguo ni sare za shule za watoto, kanzu za baba yao, na kanga zangu, ambazo ndizo zinazoniuma zaidi kwa sababu zinachuja na kupauka kabla sijazizoea.

Bibi Mwanakanga
Mwanangu, kanga haiingizwi mashine, iwe ya mlango wa mbele au wa uani. Doti mpya iloweke usiku kucha katika maji baridi yenye chumvi ya mawe na siki kidogo, asubuhi uisuuze bila kuifikicha, na rangi haitatoka tena. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa Tanga, nami nina kanga za arusi yangu ambazo jina lake bado linasomeka.

Mwalimu wa Kemia
Shikamoo Bibi. Kwa heshima zote, naomba nitofautiane nawe kuhusu chumvi. Chumvi husaidia rangi kuingia katika pamba wakati kitambaa kinapotiwa rangi, lakini haiifungi rangi ambayo kitambaa chako kilikuja nayo kutoka kiwandani. Kinachotoka katika mifuo ya kwanza ni rangi ya ziada ambayo haikushikamana na uzi, na ingetoka hata katika maji matupu. Nadhani kilichoziokoa kanga zako ni maji baridi, kutozifikicha na kuzifua peke yake. Nguo zenye rangi zisichanganywe na nyeupe mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe.

Kuhusu maji ya kisima, madini yaliyomo hukutana na sabuni ya mche na kuacha utando wa kijivu, nguo ikawa ngumu na rangi ikafifia machoni kabla haijafifia kweli. Sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi, ila isuuzwe mpaka iishe.

Bibi Mwanakanga
Marahaba, mwalimu. Mimi nimefua miaka arobaini na wewe umesoma. Tutaona kanga ya nani itachanika kwanza.

Mzee wa Kanzu
Mnaendelea kubishania mashine na chumvi, lakini adui mkubwa wa nguo ni dawa ya kung'arishia. Miaka michache iliyopita nilishonesha kanzu nyeupe kwa ajili ya kumwozesha binti yangu. Ilikuwa ya pamba laini, na darizi ya shingoni ilikuwa ya uzi wa hariri, kazi ya mkono iliyomchukua fundi wiki kadhaa. Siku tatu kabla ya shughuli, ilidondokewa na tone la kahawa, nikampelekea dobi wa mtaani ambaye nilimwamini kwa miaka mingi. Naye, kwa nia njema kabisa, akailoweka katika dawa yenye klorini pamoja na mashuka ya wageni wa mtu mwingine. Doa lilitoka, na kanzu ilirudi nyeupe kuliko siku ya kwanza, isipokuwa darizi ilikuwa imegeuka rangi ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nilipopitisha kidole juu yake, nyuzi zilikatika zenyewe. Klorini huila hariri na sufu, hilo nilikuja kulijua baadaye. Niliozesha binti yangu nikiwa na kanzu ya kuazima, iliyonibana mabegani, na picha zote zinaonyesha hivyo. Dobi sikumdai chochote, kwa sababu sikuwa nimemwambia kwamba uzi ule ni wa hariri.

Mpenda Pamba
Pole sana, mzee wangu. Ndiyo maana husomwa kile kitambaa kidogo cha ndani ya ukosi. Pembetatu iliyokatwa kwa alama ya X humaanisha usitie dawa ya kung'arishia, na nukta zilizo ndani ya picha ya pasi huonyesha joto: nukta moja ni joto dogo, mbili ni joto la wastani.

Mzee wa Kanzu
Kanzu ya fundi wa mtaani haina kitambaa hicho, kijana wangu.

Kaka wa Mbagala
Mbona hakuna aliyetaja kuanika? Jua la saa saba mchana hupausha kanga kuliko mashine yoyote. Geuza nguo ndani nje na uianike kivulini.

Mwalimu wa Kemia
Kivulini ni sawa, lakini isiwe chini juu ya majani wala mchangani. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, na mabuu yake hujipenyeza katika ngozi ya anayezivaa. Anika juu ya kamba penye upepo, na upige pasi pande zote mbili, hasa mishono ya viuno na nguo za watoto wachanga.

Fundi Bomba
Turudi kwenye mada, jamani. Dada, mnara wa matofali una urefu gani?

Mama Watatu
Nimempandisha mwanangu mkubwa na futi ya fundi. Kutoka bomba la bafuni hadi chini ya tangi ni mita 3 na sentimita 20.

Fundi Bomba
Hiyo ni kama theluthi moja ya bar. Ya mlango wa mbele itakusumbua, labda ununue na pampu ndogo, na ukinunua pampu bajeti yako imeshapita.

Mpenda Pamba
Zipo zinazovumilia msukumo mdogo. Mwambie muuzaji akuonyeshe bamba la nyuma au kitabu chake.

Bibi Mwanakanga
Au anunue beseni mbili kubwa, na fedha inayobaki aongeze doti za kanga.

Mama Watatu
Bibi, umenichekesha. Muuzaji amenijibu kwamba kitabu hakipo na bamba la nyuma limefutika, ila yuko tayari kunipunguzia shilingi 50,000. Je, pampu ndogo inapatikana kwa kiasi hicho?