Hiace 3L: manifodi ya eksozi inavuja na stadi ya mwisho imekatika. Naomba mwongozo wa kuitengeneza nyumbani

Mpwani_Mambrui

Assalaam aleikum mafundi. Gari ni Toyota Hiace, ile ya umbo la shark, ya 1997, injini ya dizeli aina ya 3L, inabeba abiria na mizigo kati ya Malindi na Gongoni. Asubuhi ikiwashwa inapiga tik-tik-tik upande wa manifodi ya eksozi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda. Ikishika moto sauti hupungua lakini haiishi. Kwenye silinda ya 4 masizi yametapakaa hadi kwenye hedi (kichwa cha injini), na ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, harufu ya moshi inaingia ndani kupitia kifuniko cha injini chini ya kiti. Nati ya mwisho upande huo haipo. Ukimulika tochi unaona tundu tupu, yaani stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoingia kwenye hedi, imekatikia ndani.

Kuna wanaosema ipakwe silikoni nyekundu yaishe. Itashika kweli? Stadi itatolewaje bila kushusha hedi? Na nitajuaje kama manifodi yenyewe imepinda? Vifaa vilivyopo ni soketi, drili ya umeme, jeki na stendi. Fundi wa kuchomelea yuko jirani.

FundiKisumuNdogo

Waaleikum salaam ndugu yangu. Silikoni sahau. Hata ile ya rangi ya shaba huishia nyuzi joto 370 hivi, na manifodi ikipanda mlima na mzigo inapita hapo. Halafu moshi hapo hauvuji taratibu kama maji ya bomba, unapiga kwa kishindo kila valvu ya eksozi inapofunguka. Itapulizwa nje, na itakayobaki itakupa kazi ya kukwangua. Pesti ya silansa nayo ni ya maungio ya bomba huko nyuma.

Kabla ya kushika spana, hakikisha ni manifodi kweli. Kwenye 3L washa (pete ya kuziba) ya nozeli ya dizeli ikichoka hutoa sauti inayokaribiana sana na hiyo. Chukua kipande cha mpira wa maji cha mita moja, ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe kwenye kila ungio injini ikiwa baridi na inaunguruma polepole. Ukifika penyewe utasikia kama mtu anakupulizia sikioni. Njia nyingine ni kijiti cha udi: moshi wake ukipita mbele ya tundu unakatwakatwa kwa mapigo. Hii ni ya dizeli tu. Kwenye petroli usisogeze moto. Nozeli zipime kwa kumimina maji ya sabuni kwenye shina lake. Zikitoa mapovu, huko ndiko pa kuanzia.

Sasa jiulize kwa nini imekatika ya mwisho na si ya katikati. Manifodi hurefuka ikipata moto, na ncha zake ndizo zinazosogea zaidi, kwa hiyo stadi ya mwisho hupindwa na kurudishwa kila siku mpaka inachoka. Ila kwenye Hiace nyingi kuna sababu ya pili: breketi inayoshika bomba la mbele huwa imekatika au mtu aliiondoa na hakuirudisha. Hapo uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye manifodi, na silinda ya 4 ndiyo ya nyuma. Angalia pia mauntingi za injini, ile mipira inayoishikilia. Usiporekebisha hayo, stadi mpya itafuata njia ya mwenzake.

Kufungua: toa waya hasi ya betri, inua kiti na kifuniko, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, kwa sababu nati nyingine utazifikia kutoka chini. Hewa yetu ya bahari imeshazishika, kwa hiyo zipulizie dawa ya kutu jioni, rudia asubuhi. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu oili ya giaboksi otomatiki unapenya vizuri kuliko dawa nyingi za kopo, lakini unashika moto haraka, usiutumie siku unayotaka kuwasha tochi ya gesi. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili italamba kona za nati. Kaza kidogo kwanza, usikie imeachia, ndipo ulegeze robo mzunguko, rudisha, legeza tena. Ukiona nati inageuka laini kama ulimbo huku haitoki, simama hapo hapo: stadi inajinyonga na iko karibu kukatika. Pasha nati (si stadi) kwa tochi ya gesi mpaka iwe nyekundu, gusisha mshumaa kwenye uzi ili nta inyweke ndani, subiri ipoe kidogo, jaribu tena. Paipu za dizeli na waya zilizo karibu zikinge kwa bati, na kizima moto kiwe mkononi.

Stadi iliyokatika: manifodi ikishatoka, kama imebaki hata milimita mbili nje, kazi ni ya fundi wa kuchomelea. Aweke washa, juu yake nati, achomelee kupitia tundu la nati mpaka ishikane na stadi. Joto lenyewe ndilo linalovunja kutu. Iache ipoe mpaka wekundu uishe, igeuze kwa spana taratibu mbele na nyuma. Ikikatika, arudie. Mara ya tatu au ya nne mara nyingi hutoka. Betri iwe imefunguliwa, na waya ya ardhi ya mashine ishikwe kwenye hedi, si kwenye bodi.

Kama imezama ndani, ni drili. Anza kwa kupiga panchi katikati kabisa. Ukikosea katikati hapo, kila kitu kinachofuata kitakwenda upande. Njia nzuri ya kushika katikati ni kurudisha manifodi kwenye stadi zilizobaki na kuingiza bushi ya chuma kwenye tundu lake ili iongoze biti. Anza na biti ya milimita 3, kisha 5, kisha 7 kama stadi ni ya uzi wa milimita 10. Biti za uzi wa kushoto zikipatikana ni bora, maana mara nyingine huitoa stadi zenyewe. Kabla hujaanza, hakikisha drili inaingia ikiwa imenyooka. Kwa silinda ya 4 nafasi ni finyu, na huenda ukahitaji drili ya kona. Ile misumari ya kutolea stadi ya kupiga na kugeuza, mimi siitaki kwenye manifodi: ni chuma kigumu mno, na ikikatikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayoitoboa.

Dizeli_Gongoni

Fundi amesema vyema. Niongeze la manifodi yenyewe, maana watu wengi hubadilisha gasketi na sauti ikarudi.

Ikishatoka, isugue nyuso zote za matundu ya moshi kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Weka rula ya chuma iliyonyooka kweli, ndefu ya kugusa matundu yote manne kwa pamoja, kisha pitisha fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Fila ya milimita 0.1 ikipita mahali pamoja, gasketi mpya itaziba. Ikipita ya 0.3, usijidanganye, ipeleke karakana yenye mashine ya kusawazisha hedi, na uwaambie wasawazishe matundu yote kwa pamoja kwenye mstari mmoja. Kati ya hapo unaweza kuisawazisha nyumbani: bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene, isugue manifodi kwa mwendo wa namba nane, ukiikagua kila mara. Tupa ya mkono inaharibu zaidi, inakula kingo. Uso wa hedi nao upime vilevile.

Ufa utafute hivi: paka mafuta ya taa, acha dakika kumi, futa kabisa, kisha sugua chaki. Palipo na ufa, mafuta yatarudi na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia hasa kati ya tundu la 3 na la 4, na kwenye kona za flanji, ile bapa ya kufungia. Kuinyunyizia maji injini ikiwa ya moto, pale pa kuosha magari, ndiko kunakoipasua haraka.

Manifodi ni kasti, yaani chuma cha kumimina, na kasti haichomelewi kwa rodi za kawaida za chuma. Itashika leo, na ikipoa ufa utatokea pembeni mwa mchomeleo. Inataka rodi za nikeli, kupashwa moto yote kabla, mchomeleo mfupi mfupi, tundu dogo la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa, na kupoa taratibu ikiwa imefukiwa kwenye mchanga mkavu au majivu. Kama manifodi iliyotumika kutoka Japani inapatikana, ipime kwa rula na chaki papo hapo dukani na uichukue hiyo.

Mpwani_Mambrui

Shukran sana wakuu. Nimepata pa kuanzia. Stadi zilizobaki ni nzima kwa macho. Nizibadilishe zote au hiyo moja? Na kukaza ni kiasi gani?

FundiKisumuNdogo

Zitakazotoka zenyewe pamoja na nati, badilisha. Zilizokaa imara na uzi wake ni safi, ziache. Kulazimisha stadi nzima itoke ni kujitafutia kukatika kwingine. Ila mbili za kila mwisho ningezibadilisha kwa subira na moto, kwa sababu zimechoka sawa na ile iliyokatika. Nati zote ziwe mpya, zile zilizopakwa shaba.

Nati yako ikiwa ya spana 14, uzi kwa kawaida ni wa milimita 10, na ya spana 12 ni uzi wa 8. Lakini pima uzi kwa geji kabla ya kununua, maana 10 kwa 1.25 na 10 kwa 1.5 (unene kwa umbali kati ya uzi na uzi, milimita) kwa macho ni kitu kimoja, na ukiingiza isiyo yake utaharibu hedi. Ukihitaji kusafisha kwa tapu (kifaa cha kukatia uzi), tundu la 10 kwa 1.25 ni biti ya 8.8, na la 10 kwa 1.5 ni 8.5. Stadi iingize kwa kufunga nati mbili zikibanana. Tundu likitoa maji ya rejeta, paka dawa ya kuziba uzi inayostahimili moto kabla ya kuingiza stadi.

Gasketi ikae kavu, haipakwi chochote. Greisi ya shaba kidogo kwenye uzi wa upande wa nati tu. Anza nati za katikati ukielekea nje, kwa mizunguko mitatu: kwanza kwa mkono, kisha nusu, kisha kamili. Kipimo halisi ni cha kitabu cha injini yako. Stadi za 10 kwa kawaida huwa kati ya Nm (nyutoni mita) 40 na 50, za 8 kati ya 20 na 25. Kama umepaka greisi, kaa upande wa chini wa kipimo.

Dizeli_Gongoni

Na matundu mawili ya mwisho ya kupitishia stadi kwenye manifodi yapanue kwa milimita moja hivi, ya katikati yaache kama yalivyo. Manifodi ipate nafasi ya kurefuka bila kusukuma stadi.

Shela_Mld

Mimi niko na Hiace ya petroli, injini ya 2RZ, sauti ni hiyo hiyo. Utaratibu ni mmoja?

FundiKisumuNdogo

Ufundi ni mmoja, hatari siyo moja. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi nyingi kuliko wa dizeli, haina harufu, na injini yenu iko chini ya kiti. Abiria wakianza kuumwa kichwa na kusinzia, gari lisimame siku hiyo. Mpaka litengenezwe, usibebe watu, hata madirisha yakiwa wazi. Halafu angalia mpira unaozunguka kifuniko cha injini. Ukiwa umekakamaa au umepasuka, badilisha pamoja na gasketi. Kama gari lina sensa ya oksijeni, uvujaji huo unavuta hewa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache, na injini inaongeza petroli bure.

Mpwani_Mambrui

La mwisho: baada ya kufunga niliwashe na kuondoka tu?

FundiKisumuNdogo

Washa, liache mpaka lipate moto kamili, pitisha ule mpira wa maji kwenye kila tundu. Kisha lizime lipoe kabisa, usiku kucha ni sawa, na ukaze tena kwa kipimo kile kile likiwa baridi. Likiwa moto usikaze. Rudia baada ya kilomita 500, na siku hiyo tikisa bomba la mbele kwa mkono: likicheza, breketi haijashika.