Fundi mitambo wa jukwaani: awe na cheti ndipo aguse miksa?

MwanaTamasha
Wakuu, hili naomba tulijadili bila kuzungushana. Hivi karibuni kwenye onyesho moja la mkoani, muziki wa laivu, mpiga gitaa kasogeza mdomo kwenye maiki aitikie, umeme ukamrusha nyuma hadi kwenye dramu. Amplifaya ya gitaa ilichomekwa kwenye umeme wa ukumbi, miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ikachomekwa kwenye jenereta lililokuwa nje, na hakuna aliyejali ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kijana mzima, Mungu mkubwa. Fundi alipoulizwa akajibu kwamba maiki zile huwa "zinauma kidogo".

Sasa nauliza. Anayefunga umeme nyumbani kwako anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Anayevuta waya wa jenereta katikati ya umati sijawahi kuona akiulizwa chochote. Msimamo wangu: mitambo ya hadhara isiguswe na asiye na cheti. Vyuo vipo: chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyuo vya ufundi vya VETA. Tusiendelee kuwaachia mafundi wa harusini maisha ya watu.

SpikaNne
Nimefika kwenye "mafundi wa harusini" nikaishia hapo.

Kaka, umewahi kufunga mitambo harusini? Ukumbi una vigae chini na vioo ukutani, sauti ikitoka inarudi. Muda wa kujaribu huna, kwa sababu wapambaji bado wako juu ya ngazi na matarumbeta yameshasikika getini. MC anatembea na maiki mbele ya spika. Kisha anakuja mjomba wa bwana harusi, anaikamata maiki kichwani, kiganja kimefunika wavu wote. Maiki ile imetengenezwa isikie mbele. Ukiiziba inasikia kila upande, hata spika, na lazima ilie ule mlio mkali. Anafuata bibi, anaongea kwa kunong'ona na maiki kaiweka kifuani. Wote hao ukumbi unataka uwasikie, na ikilia tu watu wote wanageuka kukutazama wewe. Mtu wa tamasha anajaribu mitambo kuanzia mchana. Mimi napewa dakika tano. Nani kasoma hapo?

Watu wa chuo tunawajua. Mchoro wa jukwaa atakuchorea mzuri, waya ukikatika anakuuliza nani analehemu.

DadaWaTaa
Kaka SpikaNne, mimi nimepita Bagamoyo na ninalehemu. Tena niko juu ya ngazi wakati wewe unabishana hapa.

Siku za mwanzo kabisa za ufundi wa jukwaa nilifundishwa kwamba taa haining'inizwi kwa kishikio chake peke yake. Inapitishwa na kamba ya chuma ya pili, ili skrubu ikilegea taa ibaki pale pale juu. Taa ya jukwaani ina uzito wa kumvunja mtu fuvu. Nenda kumbi zetu, tazama juu, uhesabu ngapi zina kamba hiyo. Nimewahi kuomba niifunge, nikaambiwa "dada, onyesho ni la saa mbili tu". Aliyenijibu alikuwa amejifunzia kazini na hakuwahi kuona taa ikianguka, kwa hiyo kwake haianguki.

Hiyo ndiyo tofauti ya shule. Kazini unajifunza yale yaliyokwisha kukutokea. Darasani unaambiwa na yale yaliyowatokea wengine. Indiana, Marekani, Agosti 2011, upepo uliangusha paa la jukwaa kwenye tamasha la wazi, watu 7 wakafa. Unasubiri likutokee ndiyo ujue upepo unahesabiwa?

MzeeWaBendi
Vijana, mimi nimepiga besi tangu enzi za kumbi zenye mabenchi. Fundi mitambo wetu hakuwa na cheti wala nini, lakini alikuwa anakaa katikati ya watu, si pembeni ya jukwaa, na anaijua bendi nyimbo zote. Solo ikikaribia mkono wake umeshafika. Leo fundi anachezea simu.

Tena tatizo lenu mnaligusa kwa mbali. Msanii anapanda na flashi, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Fundi atajifunza nini hapo? Anapandisha feda mbili, vile vishikio vya kuteleza vya sauti kwenye miksa, kazi imekwisha. Mafundi walikufa bendi zilipokufa.

Na Bagamoyo yenyewe tangu ukumbi wake ulipoungua mwaka 2000 sijui 2001, nani alikwenda kuangalia wanafundisha kwa vifaa gani?

DadaWaTaa
Shikamoo Mzee. Ukumbi uliungua 2002, na ukajengwa mwingine mkubwa.

MzeeWaBendi
Marahaba. Mwaka si hoja. Hoja ni flashi.

MwanaUnguja
Mzee kasema kweli kabisa kuhusu flashi. Huku Sauti za Busara imeanza 2004, na sharti lake ni muziki wa laivu. Wallahi hilo sharti moja limesomesha watu. Bendi moja inashuka Ngome Kongwe, nyingine inapanda, huyu ana qanun na fidla, yule ana gitaa tatu na ngoma za kienyeji. Hapo huwezi kujificha nyuma ya feda mbili.

Mimi kazi nimeanzia kwenye nyaya. Muda mrefu sikuruhusiwa kugusa kingine. Nakunja nyaya za maiki: duara moja kwa juu, duara la pili unageuza kiganja liingie kwa ndani, hivyo hivyo mpaka mwisho, ukiurusha unanyooka wenyewe. Niliona ni dharau. Siku hizi nikimwona kijana anazungusha waya kwenye kiwiko chake namtoa jukwaani, maana unasokoteka, nyuzi za ndani zinakatika, na usiku katikati ya wimbo maiki inakata mtu asijue kwa nini. Cheti gani kitampa mtu hilo?

SpikaNne
@DadaWaTaa sikubishii kamba ya chuma. Nabisha hilo neno "harusini" lililotumika kama tusi. Mwenye mada hajalifuta.

MwanaTamasha
Sijatukana. Nimesema kazi zina uzito tofauti. Harusini ikilia maiki watu wanaziba masikio, basi. Kwenye uwanja wenye maelfu likianguka trasi, ile fremu ya chuma inayobeba taa, ni msiba.

SpikaNne
Na jenereta la harusini linatoa umeme wa aina gani? Wa unga?

Kayole_Sauti
Hapa Nairobi mjadala ni huo huo, ndugu zangu. Lakini sisi tuna njia moja ambayo naona hamjaitaja. NITA, mamlaka yetu ya mafunzo ya viwandani, hutoa trade test, yaani mtihani wa ufundi, Gredi 3, 2 na 1. Fundi aliyejifunza kwa mkono huenda akapimwa kwa mkono, akifaulu anapewa karatasi yake, hata kama hakuwahi kukaa darasani. Fundi wa stima, seremala, wote hupita hapo. Kwa nini mtu wa sauti asipimwe vivyo hivyo? Mpe miksa, mpe maiki nane, mpe jenereta, mwambie una saa moja.

Na huyo aliyesema maiki "zinauma kidogo" angeanguka mtihani kabla ya kufungua sanduku.

MzeeWaBendi
Hata hapa yalikuwepo hayo, majaribio ya ufundi Gredi 3, 2, 1. Kaka yangu alikuwa na Gredi 1 ya umeme, waliiheshimu kuliko digrii. Na siku hizi VETA wanarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani. Msiseme Kenya Kenya.

Kayole_Sauti
Sijasema Kenya Kenya, Mzee. Nimesema mtihani.

MkaaHamburg
Niko Ujerumani, nimesomea kazi hii hii. Huku fundi wa maonyesho ni fani rasmi tangu 1998, inaitwa Fachkraft für Veranstaltungstechnik, miaka 3. Siku nyingi uko kwenye kampuni unabeba masanduku, siku nyingine uko shule unasoma umeme, sauti, taa na sheria za usalama. Na unalipwa kila mwezi tangu mwanzo, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo mnapogombana "darasani au kazini" mimi naona mnagombania kitu kimoja. Huku huwezi kupata kimoja bila kingine.

Jambo jingine ni masikio. Hakuna aliyeligusa. Kipimo kinachotumika na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Sasa fundi wa Dar anakaa mbele ya spika usiku kucha, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, bila hata pamba.

SpikaNne
Ulaya tena. Ndugu yangu, huko kampuni inamlipa mwanafunzi. Hapa nimchukue kijana, nimfundishe kwa mshahara gani? Mwenye shughuli ananipunguzia bei hadi ananiuliza kama naweza kuja na spika mbili badala ya nne. Jina langu lenyewe hapa lilitokana na hilo, sikubali kushuka chini ya nne. Pesa za maua zipo, za keki zipo, za mpiga picha wa droni zipo. Mitambo ndiyo inayoachiwa chenji. Kisha mnakuja na cheti, ambacho ada yake nilipe mimi.

Huyo fundi wa mkoani mnayemsema aliletewa umeme wa aina mbili na nani? Mwandaaji. Jenereta kubwa lingetosha kila kitu, wakakodi dogo. Mbona mwandaaji haombwi cheti?

DadaWaTaa
Hapo kaka umenena. Nilipwe kama fundi, si kama msaidizi wa DJ. Na wanawake tunaambiwa kabisa "dada utabeba spika wewe?" kisha tunapewa nusu. Spika inabebwa na watu wawili, yeyote awe nani. Mwanaume anayeibeba peke yake anaharibu mgongo wake, na mimi sioni ushujaa hapo.

MwanaUnguja
DJ si fundi. Hilo nalo liandikwe.

MwanaTamasha
Naona tumehama. Mimi nilizungumzia usalama, sasa tuko kwenye malipo na DJ.

SpikaNne
Hatujahama. Fundi aliyepunjwa ndiye anayeruka hatua. Umeuliza kwa nini ethi haikuangaliwa. Nimekujibu.

MwanaTamasha
Haya. Nikuajiri wewe kesho, muziki wa laivu, uwanja wa wazi. Kabla hujawasha unafanya nini? Nataka kusikia kwa hatua, si kwa hasira.

SpikaNne
Naangalia jua litazama wapi na upepo unatoka wapi, ndipo naweka jukwaa. Jenereta nyuma, mbali, pua ya moshi isielekee watu. Waya unaokatiza njia ya watu nauzika au naufunika kwa mkeka wa mpira. Jenereta linawaka kwanza likiwa tupu, napima volti, ikitulia kwenye 230 ndipo napeleka umeme. Miksa kwanza, amplifaya za spika mwisho, na kuzima naanza na amplifaya, la sivyo mlipuko utapasua kikombe cha spika. Kila maiki napandisha gaini, nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa, polepole mtu akiimba kwa nguvu yake yote, taa nyekundu isiwake, feda ikae karibu na alama ya sifuri, si chini kabisa. Wengi wanasahau gaini, wanasukuma feda hadi juu halafu wanalaumu spika. Nikimaliza nashuka, natembea hadi kwa mtu wa mwisho nisikie anachosikia yeye.

FundiVolti
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni fundi umeme, na orodha hii ni nzuri kuliko niliyotarajia. Lakini kijana yule wa gitaa bado angerushwa.

Umepima fezi na nyutro, waya mbili za kupeleka na kurudisha umeme, 230, sawa. Hujapima kati ya vyuma. Jenereta ndogo nyingi nyutro yake haijaunganishwa na mwili wa jenereta, inaelea. Hapo hata ukiweka swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, inaweza isikate inapotakiwa. Na ukichanganya na umeme wa ukumbi unakuwa na ethi mbili zisizofahamiana, moja iko kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye wavu wa maiki. Zinakutana mdomoni mwa msanii. Weka ncha moja ya mita kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Mita ikisoma volti zozote za maana, hakuna anayepanda. Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme sehemu moja. Hicho ndicho ningekiweka swali la kwanza kwenye mtihani wa yule wa Nairobi, na asiyekijua arudi nyumbani, awe na digrii au awe na spika arobaini.

SpikaNne
Mita ninayo. Kupima maiki na gitaa sijawahi, nitapima. Lakini neno "arudi nyumbani" lichunge, mzee, kuna watoto wanakula kwa kazi hii.

FundiVolti
Na kuna mama angemzika mpiga gitaa.

SpikaNne
Sawa. Jumamosi nina harusi Tandika. Njoo na mita yako, unipime mbele ya vijana wangu. Halafu mjomba akipewa maiki nakuachia wewe miksa. Ukiizuia isilie bila kumnyang'anya, mtihani wenu nitaufanya, ada natoa mfukoni.

MzeeWaBendi
Bendi ipo au flashi?

SpikaNne
Bendi, Mzee. Watu saba na tarumbeta.

MzeeWaBendi
Niwekeeni kiti.