Kioo ni OG (halisi cha kiwandani), halafu simu inamwambia mteja fundi kaweka feki. Hili jambo limenichosha!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni fundi simu Kariakoo, mwaka wa 11 huu. Nilianza na meza ya kukodi chini ya ngazi, sasa nina kabanda kangu ghorofani, mtaa wa Aggrey. Sijawahi kumfungia mteja kioo kopi nikamwambia OG. Kikiwa kopi nasema kopi, na bei zote mbili nimeziandika ukutani. Fundi kama mimi hana pesa ya matangazo. Mteja analetwa na jirani yake, na siku jirani akisema "yule tapeli", umekwisha.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja, fundi cherehani wa Tandika. Simu yake ya bei kubwa, used ya Dubai, kaletewa na kaka yake. Imeanguka, kioo nyufa tupu. Kazi yake yote imo humo ndani: vipimo vya wateja, picha za mishono, nani katanguliza pesa na nani bado. Nilikuwa na simu ya toleo hilohilo iliyokufa bodi kwa maji, kioo chake kizima, kile ilichotoka nacho kiwandani. Nikakihamisha. Nusu saa kazi imeisha. Tunawasha, simu inaandika kwamba kioo hiki hakitambuliki, huenda si halisi. Na ule mwanga unaojirekebisha wenyewe umezimwa.

"Kaka, umeniwekea feki."

Nikamwonyesha simu niliyokitoa, nikamweleza, nikaapa. Hakuniamini na simlaumu. Atamwamini vipi fundi wa ghorofani wakati simu aliyoishika mkononi inamwambia kaibiwa?

Kwa msiojua: kwenye simu hizi kila kioo kina namba yake, na namba hiyo imesajiliwa kwenye bodi tangu kiwandani. Chukua simu mbili mpya, zote zimetoka kwenye boksi leo, badilishana vioo. Zote mbili zitalalamika. Kioo hakina tatizo lolote, kinachokosekana ni ruhusa ya kompyuta ya aliyeitengeneza. Betri hivyohivyo, unafunga mpya kabisa na simu inaweza kuficha afya yake au kuandika kwamba haitambuliki. Sisi mafundi tumefika mahali pa kung'oa IC (chipu) ndogo kwenye kioo kilichovunjika na kuichomelea kwenye kizima, kazi ya saa nzima chini ya darubini, ili tu simu inyamaze. Anayeilipia saa hiyo ni mteja.

Yule dada akaenda kwenye duka kubwa lenye viyoyozi. Akapewa fomu: namba ya NIDA, namba ya siri ya simu, na saini kwamba taarifa zikipotea wao hawahusiki. Bei waliyomtajia angeongeza kidogo akapata used nyingine. Akalipa, afanyeje. Baada ya siku 9 akarudishiwa simu tupu kama iliyotoka dukani. Jamani, kubadili kioo hakugusi kumbukumbu ya simu hata chembe! Alikuwa na sare za harusi za watu 12, vipimo vyote vimeondoka. Alikuja kwangu analia, ananiuliza kama naweza kuvirudisha. Siwezi. Simu ya aina ile ikishafutwa imefutwa.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na tume yake ipo. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka. Namba ya siri ya mtu kwa kazi ya kioo ni ya lengo gani? Samsung walishaweka tangu 2022 hali ya matengenezo: unaiwasha kwenye mipangilio kabla ya kumwachia fundi simu, anajaribu kioo na kamera, picha na meseji zako hazioni. Iwasheni, hata mkija kwangu. Na nyie mafundi wenzangu mnaofungua galari za wateja na kutumiana picha, ninyi ndio mnaowapa hawa wakubwa fimbo ya kutuchapia. Nawaambia waziwazi, mnanitia aibu.

Msiniambie ni usalama. Mwaka 2016 simu za iPhone zilikuwa zinazima mazima na kuandika "Error 53" kwa sababu zilipita kwa fundi wa nje. Apple walisema ni ulinzi wa alama ya kidole. Watu wakapiga kelele, ikatoka programu ya kuzifufua. Na kule Australia kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo mwaka 2018 kwa kuwadanganya wateja kuhusu haki zao. Jimbo la Oregon, Marekani, limeshapitisha sheria inayokataza mtindo huu wa kufunga vipuri kwa namba. Ulaya, simu mpya zinazoingia sokoni tangu Juni 2025 lazima vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa.

Wenzetu walidai. Sisi tunaambiwa soko letu dogo. Lakini Juni 2016 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima, na watengenezaji na waagizaji wote walisikia. Uwezo wa kuwaambia kitu tunao.

Simu za zamani nazo ni kidonda kingine. Mtengenezaji akiitelekeza simu nzima kabisa, naweza kuiwekea LineageOS, mfumo huria, bure, na ikaendelea kupata masasisho. Ila kampuni nyingine zimefunga mlango huo kabisa, na hata pale ulipo wazi, programu ya benki inaweza kugoma kufunguka. Simu imelipiwa, haina deni la mtu, halafu mwenye nayo anachaguliwa cha kuweka ndani!

Nimeandika barua ya kurasa 2 na mafundi 14 wa ghorofa yetu wametia saini. Tunataka mambo mawili: vipuri OG vikubaliwe na simu bila ruhusa ya mtu, na duka lisidai namba ya siri wala kufuta simu kwa kazi isiyohitaji. Nakala moja tunaipeleka Tume ya Ushindani, nyingine Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Jumatatu asubuhi. Fundi yeyote wa Kariakoo, Makumbusho au mikoani anayetaka jina lake liwemo, aandike hapa kabla ya Jumapili jioni. Yule dada wa Tandika tayari ametia saini yake, ya kwanza juu kabisa.