Bastola ya marehemu baba imeganda, slaidi hairudi mbele: naomba msaada wa kuifungua

MwanaMwaloni

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, nanunua dagaa Mwaloni pale Kirumba na kuwasafirisha. Nina bastola ndogo aliyoiacha marehemu baba. Nianze na suala la leseni ili tusipoteze muda: mzee alipofariki tuliipeleka polisi, nikaomba leseni kwa jina langu, nikapitia hatua zote, ndipo nikakabidhiwa. Ninayo kihalali. Siiuzi, siibadilishi chochote. Nataka kuisafisha tu.

Ni ndogo, inajaa kiganjani basi. Ubavuni imeandikwa Eibar, halafu Cal. 6,35. Nyuma haina nyundo ya kuonekana. Magazini, kile kikasha cha risasi, inashikwa na kibanio kilicho chini ya mpini. Vibao vya mpini ni vyeusi, kimoja kina ufa mwembamba kando ya skrubu. Baba aliinunua mkono wa pili, kwa bei ya chini, enzi akizunguka Magu na Misungwi na fedha za kununulia pamba. Aliibeba miaka mingi na sijasikia hata siku moja kwamba aliifyatua.

Shida yenyewe: nikivuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma kwa uzito, kisha inabaki hukohuko. Lazima niisukume mbele kwa kidole gumba. Ndani kumetapakaa kitu cha kahawia, rangi ya asali iliyokaa sana. Nadhani ni kutu. Jamaa yangu mmoja ameniambia niipige msasa wote, halafu niipake rangi nyeusi ya dawa ing'ae. Nimesita. Upande wa kushoto, pale kidole gumba cha mzee kilipokuwa kinakaa, weusi umelika mpaka chuma cheupe kimetokea. Hapo sitaki paguswe.

Sijawahi kuifungua. Naanzia wapi?

Ngosha_Igoma

Mkuu, umefanya vyema kutanguliza leseni, maana watu wengi wanadhani silaha inarithiwa kama shamba. Leseni ni ya mtu, ikifika msiba inakuwa imeisha. Kabla wakubwa hawajaja: chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, umeiangalia? Kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye mtutu. Na hizo ndogo za zamani, nyingi zinafyatuka hata magazini ikiwa mezani.

MwanaMwaloni

Nimeangalia, mkuu. Magazini nje, slaidi nyuma, nikamulika kwa tochi na kuingiza ncha ya kidole kidogo. Tupu. Mama watoto naye akaangalia.

Babu_Nansio

Kijana, weka msasa chini. Kabla sijasema neno jingine nataka jibu moja. Hicho cha rangi ya asali, kikwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya tundu la magazini. Kinatoka unga mwekundu, au kinakunjika na kunata?

MwanaMwaloni

Shikamoo mzee. Nimefanya sasa hivi. Hakitoi unga. Kinatoka kama nta ngumu, kinanata chini ya ukucha.

Babu_Nansio

Marahaba mwanangu. Basi hiyo si kutu. Ni mafuta ya kupikia yaliyokauka. Mzee wako alikuwa kwenye pamba, na sitashangaa kama alikuwa anaipaka mafuta ya pamba.

MamaCherehani

Samahani kuingilia, mimi silaha sizijui, ni fundi cherehani Pasiansi. Ila hilo la mafuta nalijua vizuri mno. Wateja wananiletea vyerehani vya mabibi zao vimekaza kama vimechomelewa, gurudumu halizunguki, wanasema kimekufa. Nauliza kilipakwa nini, naambiwa alizeti au pamba. Mafuta ya kula yakipigwa na hewa yanageuka gundi, miaka ikipita yanakuwa vanishi. Chuma chini yake kinakuwa kizima kabisa. Naloweka kwenye mafuta ya taa, usiku mmoja au mbili, kinaamka.

MwanaMwaloni

Mzee, umenigusa. Kulikuwa na kichupa chenye kizibo cha gunzi kwenye sanduku lake la bati, alikuwa anachovya unyoya wa kuku. Sisi watoto tulijua ni mafuta ya pamba kwa sababu yalitoka kiwandani alikokuwa anapeleka mzigo. Kumbe ndiyo hayo.

Babu_Nansio

Ndiyo hayo, na usimlaumu. Yamekulindia chuma miaka yote hiyo. Chuma kilicho chini ya gundi hiyo hakijaona hewa ya ziwa.

Nijitambulishe kidogo ili ujue unasikiliza nani. Nilitengeneza silaha jeshini miaka 22, nikastaafu, nikarudi Ukerewe. Kazini nilikuwa nyanda kavu, kutu nilikuwa naiona kwenye silaha za wazembe tu. Huku nimeona panga likishika kutu usiku mmoja kwa kuegemezwa ukuta unaotazama ziwa. Kwa hiyo nitakayokuambia ni ya kazini, lakini mengine ni ya hapahapa.

Kwanza ujue ulichoshika. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 zilianza kutoka Ubelgiji, kiwanda cha FN pale Herstal, bastola ndogo za risasi ya milimita 6.35 alizobuni John Browning, Mmarekani. Watu wanaziita modeli ya 1906. Risasi 6 kwenye magazini, uzito haufiki nusu kilo. Ziliuzwa sana, na mafundi wa Eibar, mji wa Hispania ulio kwenye nchi ya Wabaski, wakaziiga kwa wingi na kuziuza kwa bei ndogo. Karakana moja inatengeneza mtutu, nyingine skrubu, nyingine inaunganisha. Ndiyo maana sehemu ya moja haiingii kwenye nyingine hata kama zinafanana kama mapacha. Likumbuke hilo, maana ukipoteza sehemu hutapata duka la kuiuza.

Sasa kosa ambalo kila mtu analifanya ni kufungua kwanza ndipo asafishe. Ya kwako imegandishwa na gundi. Ukilazimisha leo utavunja. Loweka kwanza.

Toa magazini. Angalia chemba tena, hata kama uliangalia jana. Risasi zote zifungie chumba kingine. Halafu toa vile vibao vyeusi. Hivyo ni ebonaiti, mpira uliogeuzwa mgumu kwa salfa, na uzee umevifanya vikatike kama biskuti. Bisibisi yako ijae kwenye mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Isipojaa, isugue kwenye jiwe la kunolea mpaka ijae. Nimeona skrubu nyingi zilizoharibiwa na bisibisi ya dukani kuliko zilizoharibiwa na kutu. Chenye ufa kisukume kutoka ndani kwa kidole, usikichokonoe kutoka nje. Na usivioshe kwa maji ya moto, vitageuka rangi ya matope na havirudi. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha.

Bastola iliyobaki izamishe kwenye mafuta ya taa, chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na watoto. Siku mbili. Kila jioni sogeza slaidi mara kumi, uone inavyolegea. Ikianza kurudi yenyewe, hapo ndipo unafungua.

Kufungua: elekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga. Vuta slaidi nyuma, utaona mfereji mdogo ubavuni mwa slaidi ambao kitufe cha usalama kinaweza kupanda na kuingia. Kwenye nyingi za aina hii ipo mifereji miwili, tumia ule wa mbele. Slaidi itashikwa hapo. Sasa kamata ncha ya mtutu kwa kitambaa kikavu, uzungushe. Upande mmoja utakataa, mwingine utakubali, kama theluthi ya mzunguko. Meno yaliyo chini ya mtutu yanatoka kwenye mifereji yake ya fremu, yaani kiunzi chenye mpini na triga. Shika slaidi imara kwa kiganja kizima, shusha kitufe, iache itoke mbele polepole pamoja na mtutu. Ikisita njiani, pini ya kupigia risasi imenaswa. Vuta triga taratibu, itaachia.

Hapo kuna springi mbili za kukukimbia. Ile ya chini ya mtutu, na ile ya pini ya kupigia iliyo nyuma ya slaidi pamoja na kijiti chake chembamba. Hicho kijiti kikirukia chini ya kabati umekwisha. Mimi kazi hii naifanya kitandani ndani ya chandarua, nimetandika shuka jeupe. Mke wangu ananishangaa mpaka leo, lakini sijapoteza springi tangu nianze.

Ishia hapo. Vile vipande vidogo vya triga vilivyobaki kwenye fremu usivitoe. Vioshe vikiwa mahali pake kwa mswaki na mafuta ya taa. Hakuna fundi anayepaswa kuvigusa isipokuwa mwenye kibali cha silaha, na hata yeye asivipige tupa. Vikilika kidogo tu, bastola inaanza kufyatuka bila kuombwa.

Gundi iliyobakia ikwangue kwa kijiti cha mwanzi ulichokichonga. Mwanzi ni laini kuliko chuma. Waya wa kusugulia sufuria hapana. Kwenye mtutu pitisha brashi ya nailoni kutoka nyuma kwenda mbele, halafu vitambaa mpaka kitoke cheupe.

Jambo moja ambalo mafuta ya taa hayaliwezi: kama iliwahi kupigwa risasi za zamani, fataki zake, vile vya kitakoni vinavyowasha baruti, ziliacha chumvi kwenye mtutu. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Inataka maji. Osha mtutu peke yake kwa maji ya moto yenye sabuni, ukaushe palepale, upake mafuta. Kwa hewa yetu hii chumvi inavuta unyevu kama chumvi ya jikoni wakati wa masika.

Mafuta ya kupaka si ya taa wala ya kula, ni ya kazini kwa Mama Cherehani hapo juu, mafuta ya cherehani. Tone moja kila reli ya slaidi, ulisambaze kwa kidole, kisha ufute. Ukiona yanang'aa ujue umezidisha.

Na pale pa kidole cha mzee, pafute kwa kitambaa kile kile chenye mafuta. Pasipofutwa patashika kutu kabla ya sehemu nyingine zote, kwa sababu hapana rangi ya kupakinga. Hutapaharibu. Rangi mpya itapaharibu.

Ngosha_Igoma

Mzee Shikamoo. Swali la nyongeza: hizi ziko salama kubeba chemba ikiwa na risasi?

Babu_Nansio

Marahaba. Hapana. Chemba ikiwa na risasi, pini inakaa imevutwa nyuma na springi yake imebanwa muda wote, na kwenye hizi za bei ndogo kile kitufe mara nyingi kinazuia triga peke yake, hakishiki pini. Ikianguka kwenye mwamba, na Mwanza kwenu ni miamba mitupu, lolote linaweza kutokea. Chemba ikae tupu.

MwanaMwaloni

Wakuu, narudi na majibu baada ya wiki moja na nusu.

Nililoweka siku tatu badala ya mbili. Siku ya kwanza mafuta ya taa yaligeuka rangi ya chai. Jioni ya pili slaidi ikaanza kurudi nusu ya njia, ya tatu ikarudi yote kwa mlio ambao sikuwahi kuusikia nyumbani kwetu. Nilifungulia ndani ya chandarua kama ulivyosema mzee, na springi ya pini iliruka kweli. Niliikuta imenasa kwenye wavu usawa wa kichwa changu.

Kutu ya kweli ilikuwepo mahali pawili tu: ncha ya mtutu, na ukingo wa chini wa magazini, pale panapogusa ngozi ya ala. Kwingine kote chini ya gundi chuma ni cheusi kama kipya. Kuna namba ileile imegongwa kwenye slaidi na kwenye fremu, baba hakuwahi kuniambia.

Nimeipeleka kwa fundi mwenye kibali aikague. Amesema mtutu ni mzima, slaidi haina ufa, ila springi ya chini ya mtutu imechoka na imepinda katikati. Amekataa katakata ipigwe risasi hata moja kabla haijabadilishwa.

Babu_Nansio

Huyo fundi anajua kazi, mshike. Bastola hii haina kitasa kinachofunga mtutu wakati wa mlipuko. Kinachozuia slaidi ni uzito wake pamoja na hiyo springi. Springi ikilegea, slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila risasi, na chuma cha hizi za bei ndogo hakivumilii.

Hiyo ala ndiyo iliyokula magazini. Ngozi inashika maji na dawa zilizotumika kuilainisha. Itunze kwa kumbukumbu, lakini bastola isilale humo. Ifunge kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, uiweke kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na uweke vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu, weka vingine vikavu. Wakati wa masika ifute kila wiki.

Kuna risasi za mzee zilizorudi pamoja nayo? Ziangalie kwenye kitako na pale risasi inapoingia kwenye ganda. Zina ukijani?

MwanaMwaloni

Zipo 6. Nimeziangalia sasa hivi kwa tochi, 3 zina ukijani shingoni, na moja ganda lina ufa.

Babu_Nansio

Zote 6 zisipigwe. Usizisugue, usizifungue, usizitupe ziwani. Zirudishe polisi ziandikwe kwamba umezirudisha.

MwanaMwaloni

Sawa mzee. Kesho asubuhi kabla sijashuka Mwaloni nazipeleka.